Wahadza, Umetaboli na Mzani

"Mimi hata nikinywa maji nanenepa." Kila anayefanya kazi ya lishe ameisikia kauli hii, na wanaoisema wanasema kwa uchungu wa kweli. Mtu amejinyima chakula cha usiku, ameamka alfajiri kukimbia, amekunywa chai ya kupunguza tumbo iliyotangazwa mitandaoni, na mzani haujasogea, au umesogea kisha ukarudi palepale. Mwishowe anajiambia kwamba umetaboli wake ni mzito na wa jirani yake mwembamba ni mwepesi. Kwa watu wengi hilo si kweli, na imani hiyo huwafanya watumie fedha na nguvu mahali pasipo na faida.

Umetaboli ni jumla ya kazi za kikemia zinazofanyika ndani ya seli zetu: kuvunjavunja chakula ili kupata nishati, kujenga misuli, mifupa na damu, na kukarabati kilichochakaa. Nishati hiyo hupimwa kwa kilokalori. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa takriban kilokalori 4, gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kwa mtu anayeshinda ofisini, kama asilimia 60 hadi 70 ya nishati ya siku hutumika bila yeye kufanya lolote linaloonekana. Moyo unapiga, figo zinachuja damu, ini halilali. Ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, huchukua karibu asilimia 20 ya nishati inayotumika mwili ukiwa umepumzika. Kumeng'enya chakula chenyewe kunakula asilimia 10 hivi. Kinachosalia ndicho cha kutembea, kufua, kupanda ngazi na mazoezi.

Mtu mnene, basi, kwa kawaida hana umetaboli mdogo. Mwili mkubwa una seli nyingi za kulisha, kwa hiyo mwenye kilo 100 hutumia nishati nyingi kuliko mwenye kilo 60 hata wote wawili wakiwa usingizini. Umri nao husingiziwa. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, tangu watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hubaki karibu yaleyale kuanzia miaka 20 hadi 60, ndipo yanaanza kushuka taratibu, chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Kitambi cha miaka 40 kinahitaji maelezo mengine.

Mmoja wa walioongoza utafiti huo ni Herman Pontzer, mwanaanthropolojia wa Marekani, na kazi iliyompa sifa aliifanya Tanzania. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nchi, wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda kwa upinde, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu. Wanaume hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku wakifuata wanyama na nyuki. Wanawake hutembea pungufu ya hapo, lakini huchimba ardhi ngumu kwa vijiti na kurudi na mizigo, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Kila mtaalamu angebashiri kwamba watu hawa huunguza nishati nyingi mno kuliko mtu wa mjini anayetoka kwenye gari na kuingia kwenye kiti.

Pontzer na wenzake waliamua kupima badala ya kubashiri. Waliwapa Wahadza 30 maji maalumu ambayo hidrojeni na oksijeni zake ni nzito kidogo kuliko za kawaida, yasiyo na madhara, kisha wakakusanya mkojo kwa siku kadhaa. Hidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji peke yake, ilhali oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa ukaa tunayoipumua. Tofauti ya kasi za kupotea kwake huonyesha hewa ukaa kiasi gani imetengenezwa, na kutokana na hapo hujulikana nishati iliyotumika. Hadi leo hatuna njia bora kuliko hiyo ya kumpima mtu akiwa katika maisha yake ya kila siku.

Majibu yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliwashangaza wengi, mimi nikiwa mmojawapo. Mwanamume wa Kihadza alitumia wastani wa kilokalori 2,600 hivi kwa siku, mwanamke kama 1,900. Ukizingatia uzito na umbo, viwango hivyo ni sawa na vya Wamarekani na Wazungu wanaoshinda wamekaa. Pontzer anaeleza kwamba mwili hujiendesha kama mama mwenye fedha ya matumizi isiyoongezeka: ada ya shule ikija, nyama inapungua mezani. Mwendo ukizidi kwa muda mrefu, mwili hubana kwingine, kwa mfano katika uvimbe wa ndani unaotokana na kinga, au katika homoni za msongo na za uzazi. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya ukubwa wa kubana huko, lakini kipimo cha Wahadza kimesimama.

Kwa anayetaka kupungua, maana yake ni nzito. Mwendo wa saa nzima kwa mtu wa kilo 70 huunguza kilokalori 200 na kidogo. Vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya kupikia, vile vinavyomiminwa kwenye mchuzi bila kupimwa, vina kama 240. Chupa ya soda ya mililita 300 ina karibu 120. Chakula kinaingiza kwa dakika tano kile ambacho miguu inakitoa kwa saa nzima, tena mwili ukizoea mazoezi hurudisha sehemu yake kimyakimya. Uzito unaamuliwa zaidi jikoni kuliko uwanjani.

Hata hivyo, sitaki mtu aache mazoezi kwa sababu ya makala hii. Wahadza wana shinikizo la damu la kawaida hata uzeeni, na mioyo yao ni imara kwa namna tunayopaswa kuitamani. Mazoezi hulinda misuli wakati mafuta yanapungua, huboresha matumizi ya sukari mwilini, na husaidia sana kutorudisha uzito uliokwisha kupotea.

Mafuta yanayopungua huenda wapi? Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia walipiga hesabu ya kemia yake: katika kilo 10 za mafuta ya mwili, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama hewa ukaa, na 1.6 huwa maji. Hayatoki kwa jasho la kuvaa nailoni tumboni. Hayatoki kwa kuharisha pia. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki, dawa ya kufungua choo ambayo bibi zetu waliijua vizuri, na kilo inayopotea ni ya maji na kinyesi. Ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuharibu uwiano wa madini kama potasiamu, na moyo unayategemea madini hayo.

Ugumu halisi huanza baada ya kilo za kwanza kutoka. Seli za mafuta hutengeneza homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Akiba ikipungua, leptini hushuka, na ubongo hujibu kwa njia mbili: unapunguza matumizi na unaongeza njaa. Watu hulalamikia ya kwanza, lakini ya pili ina nguvu zaidi. Mtafiti Kevin Hall na wenzake walichambua takwimu za wagonjwa wa kisukari waliopewa dawa inayotoa sukari kwa mkojo, hivyo wakapoteza kalori kila siku bila kuhisi. Mwaka 2016 walionyesha kwamba kwa kila kilo moja iliyopungua, matumizi ya mwili hushuka kwa kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kwa takriban 100. Aliyepungua kilo 10 anapambana na njaa ya kilokalori 1,000 za ziada kila siku. Anaporudisha kilo zake, kumwita mvivu au mlafi ni dhuluma.

Ndiyo maana siwashauri watu kujinyima kwa ghafla. Punguza mafuta ya kupikia kwa kuyapima kwa kijiko, acha sukari ya kunywa, punguza tonge la ugali au wali na uongeze mboga za majani, maharage, dagaa au mayai. Protini hushibisha kwa muda mrefu, na kuimeng'enya kunagharimu asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake, wakati mafuta hayagharimu hata asilimia 5. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa, na ikisimama mwezi mzima usikate tamaa.

Wapo pia wachache ambao umetaboli wao umezorota kwa ugonjwa, hasa tezi ya thairoidi ya shingoni inapofanya kazi chini ya kiwango. Ukihisi baridi wenzako wakihisi joto, uchovu usioisha, choo kigumu, ngozi kukauka au hedhi kuwa nzito, na uzito unapanda, nenda hospitali uombe kupimwa damu kwa ajili ya tezi hiyo. Kipimo kipo, na tiba yake ni kidonge kimoja kwa siku.