Picha za harusi zisiwatie ugomvi

Harusi imeisha, wageni wametawanyika, umebaki na mwenzio mbele ya kompyuta. Sendofu ilikuwa Musoma, ndoa Bunda, kisha mkaenda Butiama kwa bibi kupokea baraka. Kamera zilikuwa tatu. Mnafungua picha, loh! Keki inakatwa kabla ya pete kuvishwa, na bibi anabariki ndoa ambayo haijafungwa!

Msigombane, wapenzi. Kamera hutoa majina kama DSC_0001, na ikishafika 9999 huanza upya.

Kwanza wekeni nakala pembeni. Kila tukio lipewe folda yake, kisha picha zipangwe kwa saa ya kupigwa. Kama saa za kamera zilipishana, mpiga picha azirekebishe kwanza. Kwenye Windows, bofya picha ya kwanza, bonyeza Ctrl+A, halafu F2, andika "01 Musoma" na ubonyeze Enter. Zote zitafuatana zenyewe: (1), (2), (3). Bunda iwe 02, Butiama 03.

Kazi hiyo ifanyeni wawili, na mapema. Yule mzee aliyesimama kando ya bibi ni nani? Leo bibi yupo, muulizeni.