Maporomoko Kumi na Manne: Kiangazi na Masika

Msafiri atokaye Kithyoko akishika njia kuu kuelekea Thika hupita Matuu, na baadaye huuona mlima wa Kilimambogo umesimama peke yake upande wa kushoto. Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Kimo chake ni mita 2,145, na tangu mwaka 1967 ni hifadhi ya taifa. Karibu na miguu yake mto Athi huanguka kwenye Maporomoko Kumi na Manne.

Hesabu hiyo haionekani kila siku. Wakati wa kiangazi, kama mwezi wa Februari au Septemba, maji hugawanyika kati ya mawe meusi yakashuka kwa vijito mbalimbali, na mwenye subira aweza kuvihesabu kimoja kimoja. Lakini masika yakishika mwezi wa Aprili, au mvua za vuli mwezi wa Novemba, ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea zaidi, vijito vyote huwa ukuta mmoja wa maji mekundu, unaonguruma hata mtu asimsikie mwenzake. Wekundu huo ni udongo wa mashamba ya watu, nao si wa kufurahiwa sana.

Kwa hiyo wageni wengi hupenda kiangazi, na hapo ndipo penye taabu. Mto Nairobi, ukiisha kupita mjini na kubeba uchafu wa viwanda na mitaa, huingia katika Athi kabla ya maporomoko. Wakati wa mvua uchafu huo humezwa na wingi wa maji. Kiangazi maji safi hupungua, bali uchafu wa mji haupungui. Basi siku zile vijito vihesabikapo vizuri ndizo siku ambazo povu hutanda vidimbwini, na harufu humlaki mgeni kabla hajaona maji. Mlimani nyati na miti wana askari wa kuwalinda. Maji yatokayo mjini hayana mlinzi wa namna hiyo.

Tena mto hauishii hapo. Hupita Ukambani, ukaingia Tsavo ukiitwa Galana, ukafika baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki. Njiani watu huchota, ng'ombe hunywa, na mboga hunyweshwa. Hata bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, limekusudiwa kuyakusanya maji ya Athi, na sehemu yake yawe ya kunywa.