Fahamu: Nani aliyeleta ajira Poland baada ya ukomunisti?

Wengi hudhani ajira mpya za Poland zilitokana na kuuzwa kwa viwanda vya serikali. Sivyo. Viwanda hivyo vilikuwa vikipunguza watu, na kufikia mwishoni mwa 1993 ukosefu wa ajira ulishapita asilimia 16. Waliokuwa wakiajiri ni wafanyabiashara wadogo, tena wapya.

Mlango ulifunguliwa na sheria ya waziri wa viwanda, Mieczysław Wilczek, iliyoanza kutumika Januari 1989, wakomunisti wakiwa bado madarakani. Karibu kila biashara iliruhusiwa, mradi mtu ajiandikishe. Muda si mrefu barabara za Warsaw zikajaa wachuuzi waliopanga nguo na kaseti juu ya vitanda vya kukunja. Baadhi yao walipata kibanda, kisha duka, kisha karakana yenye vibarua wachache.

Hawakubeba mitambo chakavu wala madeni ya zamani, na waliuza bidhaa ambazo maduka ya serikali hayakuwa nazo. Ni kweli, mchimba makaa wa miaka 50 hakupata nafasi katika biashara hizo kirahisi. Huyo alihitaji msaada wa serikali. Hata hivyo, kwa maoni yangu, sheria ile fupi iliajiri watu wengi kuliko mnada wowote wa viwanda.