Ukungu Ukutani: Tafuta Maji Kwanza

Huku kwetu Bukoba mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na nyingi hunyesha kati ya Machi na Mei. Ndipo wengi wetu huona madoa meusi au ya kijani yakitambaa ukutani, hasa nyuma ya kabati na kando ya kitanda. Huo ni ukungu, jamaa ya ule unaoota juu ya mkate uliolala. Si uchawi, wala si ushahidi kwamba mama mwenye nyumba ni mchafu. Ni dalili ya maji.

Ukungu hurusha vijimbegu visivyoonekana kwa macho. Wapo wanaovivuta wasidhurike. Wengine hupiga chafya, huwashwa macho, kifua hubana. Mwenye pumu huumia zaidi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na matatizo ya kupumua. Basi mtoto ambaye kifua chake hulia kila usiku, angalia ukuta anaolala karibu nao. Lakini kikohozi cha wiki 2 au zaidi kisisingiziwe ukuta: mgonjwa aende akapimwe kifua kikuu.

Wengi hukimbilia kupaka rangi juu ya madoa. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya kabisa, kwani hufungia maji ndani, kisha hubambuka. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Doa likianzia juu, kagua bati na matundu ya misumari. Likianzia chini, maji yanapanda kutoka ardhini: ondoa udongo ulioegemea ukuta kwa nje, uchimbe mfereji wa kuyapeleka mbali. Likiwa nyuma ya vyombo tu, tatizo ni hewa ya chumbani: watu wanalala wengi, dirisha limefungwa, nguo zinaanikwa ndani. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa siku 2. Maji yakitokea upande wa ukuta, yamo ukutani. Yakitokea upande wa chumba, yamo hewani.

Ndipo usafishe. Watoto na wenye pumu watoke, fungua madirisha, funika pua kwa kitambaa. Usifagie ukungu mkavu, utaurusha chumba kizima. Ulowanishe, usugue kwa brashi na maji ya sabuni, kisha kausha. Ukitumia jiki, kikombe 1 kwa lita 4 za maji kinatosha, na usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo: hutoa hewa ya sumu. Ukuta wa udongo haufai kusuguliwa. Kwangua mpaka pakavu, ukandike upya.

Ukuta ukishakauka, paka chokaa. Ni bei nafuu kuliko rangi, huuacha ukuta upumue, na ukali wake huzuia ukungu kuota. Ila linda macho. Halafu sogeza kitanda na kabati, nafasi ya kiganja kimoja ipite hewa.