Uvivu na Uzito wa Akili wa Mtoto katika Falsafa ya Kihindu

Mtoto anayesinzia darasani, anayesahau lililosemwa punde tu na kuahirisha kila kazi aliyopewa, aghalabu huitwa mvivu. Na jina hilo likishatolewa, uchunguzi hukoma. Mwalimu hudhani amekwisha kulieleza jambo, kumbe amelipa jina tu. Falsafa ya Kihindu, hususan mapokeo ya Samkhya na ya Yoga, yafaa iangaliwe katika suala hili kwa sababu inaanzia pale jina hilo linapoishia. Kwa mtazamo wake, uvivu si nafsi ya mtoto, bali ni hali iliyomfunika. Na kila hali ina vyanzo vyake.

Msingi wa fikra hiyo ni nadharia ya guna tatu. Katika Kisanskriti, guna ni uzi au ugwe. Inafundishwa kwamba maumbile yote, pamoja na akili ya binadamu, yamesukwa kwa nyuzi tatu: sattva, yaani wepesi na nuru, rajas, yaani mwendo na hamu, na tamas, yaani giza na uzito. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu akikumbuka kwamba kwetu kuguna ni kutoa sauti ya kutoridhika, na kushika tama ni kuegemeza shavu kiganjani kwa huzuni. Hiyo ni sadfa ya sauti tu, ingawa mwanafunzi aliyeshika tama mbele ya daftari tupu ni picha njema ya tamas.

Ishvarakrishna, mtunzi wa Samkhyakarika aliyeishi yapata karne ya 4 au ya 5 B.K., anazifananisha guna na taa. Wafafanuzi wake wanaeleza kuwa utambi, mafuta na moto ni vitu vyenye hulka zinazopingana, lakini vikikutana hutoa mwanga. Hivyo basi, hakuna mtoto asiye na tamas, wala haitakiwi awepo, maana bila uzito hakuna usingizi wala mapumziko. Tatizo huzuka uzito unapotawala saa isiyo yake. Bhagavad Gita, katika sura ya 14, inasema kuwa tamas humfunga mtu kwa uzembe, uvivu na usingizi. Lakini sura hiyohiyo inaongeza kuwa guna huzidiana kwa zamu, mara hii ikishinda, mara ile. Nyongeza hiyo ndiyo yenye thamani kwa mlezi, kwani kinachobadilika kinaweza kusaidiwa kibadilike.

Yogasutra ya Patanjali inakwenda mbele zaidi katika kupambanua. Inataja vizuizi tisa vya akili, na cha kwanza kati yake ni ugonjwa. Kinafuata styana, ambacho mfafanuzi wa kale Vyasa anakieleza kuwa ni akili kushindwa kutenda kazi. Na mbali nacho, alasya, yaani kutojitahidi kutokana na uzito wa mwili na wa akili. Mambo haya matatu, ambayo kwa mtazamaji wa nje yanafanana kabisa, hapa yamewekwa kila moja mahali pake. Mtoto mwenye malaria au upungufu wa damu, mtoto ambaye akili yake imeganda, na mtoto asiyependa kuanza kazi, wote watatu huinamisha vichwa juu ya dawati. Kuwachapa wote kwa fimbo moja ni kukiri kwamba hawajatazamwa.

Katika tiba, walezi wengi hukosea hatua. Wakiona uzito, hutaka nuru papo hapo: mtoto aketi kimya, atulie, azingatie. Lakini mzito akiambiwa atulie hulala. Njia ya kutoka kwenye tamas hupitia rajas, yaani mwendo. Swami Vivekananda (1863–1902) alilishikilia sana jambo hili; aliwaonya wenzake wa Bara Hindi kuwa wengi wao waliita utulivu wa kiroho kile kilichokuwa uzito mtupu, na mwaka 1897, mjini Madras, aliwaambia vijana kwamba mpira wa miguu ungewakaribisha mbinguni zaidi kuliko kuisoma Gita. Hakuidharau Gita, alipanga hatua zifuatane. Kwa mtoto, maana yake ni kwamba kazi ya mikono, mchezo, au hata kuchota maji hutangulia somo gumu.

Kuhusu usingizi, sura ya 6 ya Gita inashauri kiasi: asilale mno, wala asikeshe. Sheria za Manu zilikuwa kali zaidi, kwani mwanafunzi aliyekutwa na macheo usingizini alipaswa kufunga siku nzima. Kuhusu chakula, sura ya 17 inakiweka chakula kilicholala na kuchacha katika fungu la tamas. Hapa yahitajika busara. Katika nyumba ambamo kiporo ndicho chakula pekee cha asubuhi, fundisho hilo likigeuzwa amri litaleta madhara, kwa kuwa mtoto mwenye njaa huwa mzito kuliko aliyekula kiporo.

Nadharia hii ina hatari yake pia, nayo si ndogo. Gita yenyewe, katika sura ya 18, inagawa kazi za matabaka manne kwa kufuata guna, na kwa karne nyingi wazo hilo lilitumika kuwaambia watu wa tabaka la chini kuwa giza ni urithi wao. B. R. Ambedkar, katika kitabu chake Annihilation of Caste cha mwaka 1936, alikataa kuwapanga watu katika mafungu hayo manne hata kama kigezo kingekuwa sifa badala ya kuzaliwa. Mwalimu anayesema „huyu ni mtoto wa tamas” amerudi palepale kwenye jina la mvivu, ila kwa Kisanskriti.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa shamba la Tolstoy, karibu na Johannesburg, ambalo Hermann Kallenbach alilitoa mwaka 1910 kwa ajili ya Gandhi na wafuasi wake. Watoto wa Kihindu, wa Kiislamu, wa Kikristo na wa Kiparsi walichimba mashimo, walikata miti na kubeba mizigo, na kanuni ilikuwa kwamba mtoto asiagizwe kazi ambayo mwalimu haifanyi. Asubuhi ilikuwa ya shamba, masomo yakaja baada ya chakula cha mchana. Ugoigoi haukupata nafasi kubwa, lakini Gandhi mwenyewe anakiri katika maandishi yake kuwa mchana huo walimu na wanafunzi walisinzia pamoja. Walijirashia maji machoni, wakacheza na watoto ili kuwaamsha na kujiamsha. Mara nyingine maji na michezo vilishindwa, kwa kuwa mwili ulikuwa unadai pumziko lake.