Mafuta yataisha, watoto watabaki: Somo la malezi kutoka Timor-Leste

Nchi ikigundua mafuta, wengi huamini shida za malezi zimekwisha. Fedha zikiingia, mtoto atakosaje lishe?

Timor-Leste ina jibu ambalo kila mzazi anapaswa kulisikia.

Taifa hili dogo liko mashariki mwa kisiwa cha Timor, kati ya Indonesia na Australia. Lilipata uhuru Mei 20, 2002, baada ya miaka 24 ya kukaliwa na Indonesia iliyogharimu maisha ya watu zaidi ya 100,000, wengi wakifa kwa njaa na maradhi.

Amani iliporejea, nyumba zilijaa watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kila mwanamke alikuwa akizaa wastani wa watoto karibu wanane, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu zaidi duniani.

Miaka hiyohiyo, fedha za mafuta na gesi ya baharini zilianza kuingia. Mwaka 2005 Serikali ilianzisha Mfuko wa Petroli, iweke akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Hata hivyo, akiba hiyo haikufika kwenye sahani ya mtoto. Utafiti wa mwaka 2009/10 ulibaini kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 58 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2020 walikuwa bado 47.

Udumavu hautokani na njaa pekee. Huletwa pia na maji yasiyo salama, kuharisha mara kwa mara, mlo wa wali au mahindi matupu, na mama kubeba mimba nyingine kabla mwili wake haujapata nguvu. Madhara yake huanzia tumboni, na mtoto akishavuka miaka miwili ni vigumu kuyarekebisha.

Habari njema ni kwamba familia zimebadilika. Mwaka 2003, mwanamke mmoja tu kati ya 10 walioolewa alitumia uzazi wa mpango. Kufikia mwaka 2016 alikuwa mmoja kati ya wanne, na wastani wa uzazi ukashuka hadi watoto 4.2. Haya yametokea katika nchi ambayo karibu watu wote ni Wakatoliki.

Lakini muda hausubiri. Bayu-Undan, eneo la baharini lililoibeba bajeti ya nchi kwa miaka mingi, liliacha kuzalisha mwaka 2025. Watoto waliopimwa mwaka 2009/10 sasa ni vijana. Baadhi wanatafuta kazi nyumbani, wengine wanaifuata Australia, Korea Kusini na Uingereza. Wengi wao wamebeba mwilini udumavu wa utotoni.

Mzazi afanye nini? Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aanze vyakula mchanganyiko, yakiwamo mayai, samaki, maharage, mboga na matunda, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Ukimpeleka kliniki, usiridhike na uzito tu. Omba apimwe na urefu.

Akina baba, hili linawahusu pia. Mazungumzo ya lini mtoto mwingine azaliwe si ya mama peke yake.

Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, zikishapita hazirudi. Hata nchi yenye visima vya mafuta haikuweza kuzinunua.