Shida Haimfundishi Mtoto

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, sisi tunaoshughulika na elimu hurushiwa swali lile lile: mbona yule mtoto wa maskini, aliyesomea kibatari, amepata daraja la kwanza, hawa wengine wanashindwa nini? Swali hilo linamhesabu mmoja aliyevuka na kuwasahau wenzake wote waliobaki ng'ambo. Tena limezaa imani yenye madhara, kwamba shida humkomaza mwanafunzi na anayefeli ni mvivu. Kama shida ingefundisha, shule za kata za vijijini zingeongoza taifa kila mwaka.

Hali ya mzazi humfikia mtoto kwanza kupitia muda. Kwa mfano, kata ya Shishiyu, kama sehemu kubwa ya mkoa wa Simiyu, ni nchi ya pamba. Palizi huangukia muhula wa kwanza, uchumaji huja katikati ya mwaka, na kaya isiyo na fedha za vibarua hutegemea mikono ya watoto. Saa hizo mtoto wa mtumishi mjini Bariadi ameinamia daftari. Halafu kuna lugha. Shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Aliyelipiwa mchepuo wa Kiingereza anaingia kidato cha kwanza akisoma biolojia moja kwa moja. Mwenzake, ambaye nyumbani huzungumza Kisukuma, anapambana kwanza na lugha ya kitabu. Novemba ya kidato cha nne wote wanawekewa mtihani mmoja, kisha tunamwita wa pili mvivu!

Wapo wanaojibu kwamba tangu Januari 2016 hakuna ada, hivyo umaskini si kisingizio. Ada iliyofutwa katika sekondari za kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sare, madaftari, chakula na kodi ya chumba kwa anayeishi mbali na shule vimebaki mabegani mwa mzazi. Wengine husema hata watoto wa matajiri hufeli. Ni kweli, ila wao wakifeli hupata nafasi ya kurudia. Na wapo wanaokata tamaa wakidhani hakuna la kufanya mpaka umaskini uishe. Hao wautazame utafiti wa Stephen Heyneman uliochapishwa mwaka 1976: kwa wanafunzi wa darasa la saba nchini Uganda, hali ya familia ilieleza tofauti za ufaulu kwa kiasi kidogo kuliko katika nchi tajiri, na ubora wa shule ulikuwa na uzito mkubwa. Zilikuwa shule za msingi, na zama zimebadilika. Hata hivyo shule nzuri inaweza kupunguza pengo.

Basi yafanyike haya. Wazazi wachangie mahindi baada ya mavuno ili chakula cha mchana kipatikane shuleni. Shule ifungue darasa lenye taa ya sola jioni. Miezi ya mwanzo ya kidato cha kwanza iwe ya Kiingereza kwa uzito wote. Kazi za shamba zisubiri Jumamosi. Wanaotoka mbali wajengewe hosteli, wasichana kwanza. Mwalimu asimfukuze mtoto kwa kukosa sare. Nawe mzazi, kabla ya kumwita mwanao mzembe, hesabu saa alizopata kusoma wiki hii.